Soksi ya Kushoto

Miezi kumi na minne kwenye foleni ya kumwona mtaalamu,
na siku jina langu lilipoitwa
nikapewa zabibu kavu moja.

Moja. Kiganjani.
Ukumbi wa kanisa, Bethesda ya Wales, Jumanne saa kumi jioni,
viti tisa vya plastiki, birika linalokoroma kama mgonjwa wa pumu,
na Nerys, sweta yake ya kijani imetoboka kiwikoni,
anasema: Itazameni kana kwamba hamjawahi kuiona.
Nikaitazama. Ina makunyanzi kama shingo ya mama.
Nikaimeza kabla hajatoa ruhusa.

Miaka kumi na tisa nimeendesha ambulensi milimani humu.
Nimezoea kula mkate kwa mkono mmoja,
wa pili ukiwa kwenye usukani.

Juma la tatu akasema: Leo tunaifuata pumzi.
Fumbeni macho. Ingieni nayo, tokeni nayo.
Wenzangu wakashuka humo kama watu waingiao maji ya uvuguvugu:
Ifor wa machimboni, Tegwen na mkoba wake mapajani.
Mimi nikashuka, nikamkuta yule kijana.
Bado yuko kando ya barabara, Februari, koti jekundu,
na mimi bado nimepiga magoti thelujini:
thelathini za kifua, mbili za mdomo,
thelathini, mbili,
thelathini.
Pumzi mnayoniambia niifuate, naijua iendako.
Niliitoa yangu nikampa. Haikurudi.

Kiti changu kikakwaruza sakafu. Wote wakafumbua macho.

Nikangoja aniambie nivumilie,
maana hayo nimewaambia wengi
mlango wa nyuma ukifungwa.
Hakusema. Akachuchumaa, si karibu sana,
macho yake kwenye viatu vyangu:
Basi iache pumzi. Si lazima kila mtu apitie mlango huo.
Acha macho wazi. Niambie tu, Idwal,
mguu wako wa kushoto unasemaje?

Swali la kipuuzi.
Nikaenda kuusikiliza ili nimkomeshe.

Umelowa, nikasema.

Wapi?

Kidole gumba. Hapana, chini yake.
Kiatu kimetoboka, nilikanyaga dimbwi nje ya duka la dawa,
soksi imejikunja hapo.
Baridi. Ila ni baridi yenye ukingo,
na ng'ambo ya ukingo, vuguvugu.
Sikujua kama ina ukingo.

Nje mvua ilikuwa ikipiga mapaa ya mawe,
mvua ya leo, si ya Februari,
na kwa dakika moja, labda kasorobo,
niliweza kuzitofautisha.

Nisikudanganye: kijana hajaondoka.
Ving'ora huja saa tisa usiku bila kubisha hodi.
Kidonge cheupe bado nameza kila asubuhi;
Nerys alisema nisikiache, haya si mashindano.
Kuna Jumanne mbili sikwenda kabisa,
nililala nikiutazama ukuta, nao ukinitazama.
Ila nimejifunza kuwa kutulia na kutua ni ndugu.
Mwenye mzigo hutua kwanza,
hata kama ni kwa nukta moja,
hata kama atajitwika tena na kuendelea.

Mererid, mke wangu, huniuliza kwa nini sinunui viatu vipya.
Nitanunua, namwambia.
Sijanunua.

Saa tisa usiku nakaa ukingoni mwa kitanda,
nyayo kwenye mbao tupu,
nauuliza wa kushoto, kisha wa kulia.
Wa kushoto hujibu kwanza, siku zote.
Wa kulia ni mvivu, husubiri nisahau kuwa nimeuliza.

Jana nilishuka jikoni gizani.
Pakiti ya zabibu iko rafu ya juu, nyuma ya chumvi.
Tatu nilizibugia kwa mpigo.
Ya nne ilikuwa na kikonyo,
chembamba, kigumu kidogo,
kikanichoma ulimi.
Umri wangu wote huu,
sikujua zabibu kavu zina vikonyo.